Mahali pa Kuvuta Pumzi

Mwanzoni tulidhani ni panya. Tulikuwa tumehamia Kilburn, London, mwaka uleule, chini kabisa ya nyumba kuukuu iliyokatwa vipande kama keki ya harusi, na kila Jumapili baada ya chakula cha mchana kitu kilikuwa kikiteleza juu ya dari yetu. Huwezi kukiita muziki. Ulikuwa mkwaruzo mrefu, mwembamba, kama kidole kinachopita juu ya ngozi ya ngoma, halafu kimya, halafu mkwaruzo tena, mahali pengine. Mke wangu, ambaye ni Mpemba na hakubali kushangazwa na kitu chochote, alisimama katikati ya sebule na mwiko mkononi, akasikiliza.

"Huyo si panya," alisema. "Panya hana adabu hiyo."

"Ni nini basi?"

"Mie n'najua? Wewe ndiye uliyesoma chuo kikuu. Panda ukaulize."

Nikapanda, na shahada yangu, na ufagio.

Aliyefungua mlango alikuwa bibi mfupi wa Kichina, amevaa sweta la kijivu lililofungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Nilimwambia, kwa upole wote niliojifunza nchini humu, kwamba kuna kitu kinakwaruza. Nilitarajia aombe radhi au anitukane. Alifurahi.

"Umesikia? Kutoka chini? Umesikia kidole?"

"Nimesikia kitu."

"Watu hawasikii," alisema. "Mume wangu aliishi nami mpaka akafa, hakusikia. Ingia. Ufagio uache nje."

Kinanda chake kilikuwa juu ya meza nyembamba karibu na dirisha: ubao mrefu mweusi uliopakwa laki, nyuzi saba, na nukta nyeupe za gamba la chaza upande mmoja. Wenyewe hukiita guqin. Mimi nimekulia katika nyumba ambamo ganuni ya taarabu ilikuwa ikipigwa, na ganuni hata ukikosea utasikika mtaa wa pili. Hiki kilikuwa kinyume chake. Mkono wa kulia unadonoa uzi, kidole cha mkono wa kushoto kinateleza juu ya uzi huo kuibadilisha sauti, na sauti yenyewe ni ndogo, ukivuta kiti imekupita. Ajabu ni kwamba sauti ikifa, kidole hakisimami. Kinaendelea kupanda na kushuka na kutetema juu ya uzi ulionyamaza, na msikilizaji anatakiwa asikie. Miguu ya meza ilikuwa ikiupeleka mkwaruzo ule sakafuni, ukatufikia sisi. Kwa majuma kadhaa mimi na mke wangu tulikuwa tukisikiliza ile sehemu ya muziki ambayo imekwisha.

Nilimwambia mke wangu niliporudi. Alifikiri kidogo. "Bora angekuwa panya," alisema.

Bibi alizaliwa Hong Kong. Alijifunza kwa mzee mmoja aliyekimbilia huko kutoka bara, akifundisha katika chumba kilichokuwa juu ya duka la viatu. Kisha akaolewa, akaletwa Uingereza, akakaanga tambi na kuku katika duka la chakula cha kuchukua umri wake wote wa kazi, na kinanda kikakaa chini ya kitanda, kimefunikwa shuka. Alipostaafu alikitoa, akagundua kwamba katika watu wote waliopita kwa yule mzee wa juu ya duka la viatu, yeye ndiye aliyebaki na wimbo mmoja mrefu ambao mzee aliupenda kuliko yote.

Sikuelewa. Nilimuuliza kama wimbo haukuandikwa.

Umeandikwa, alisema, na akanionyesha. Maandishi yanasema kidole gani, uzi gani, bonyeza wapi, teleza mpaka wapi. Hayasemi kwa muda gani. Upesi au taratibu, ukae au upite, hayo hayamo. Hayo unayapata kwa kukaa mbele ya mwalimu, uso kwa uso, kila mmoja na kinanda chake, unamwiga mpaka mnapumua pamoja. Wapigaji wengine duniani wanaupiga wimbo uleule kwa maandishi yaleyale, na ni wimbo mwingine kabisa. Mwanafunzi wa mwisho akiondoka, kinachobaki ni kama mapishi yaliyotaja viungo vyote, hayakutaja moto.

Alinitaka nije kila Jumapili nisikilize. Nilidhani ni ukarimu, kumbe ilikuwa haja: wimbo ule, alisema, ukipigwa bila ya mtu wa kusikia unakonda. Una na miiko yake. Hupigi radi ikinguruma, hupigi sokoni, hupigi kama hukuvaa vizuri, hupigi mbele ya mshenzi. Nilimuuliza mimi niko wapi katika hayo.

"Bado nakuangalia," alisema.

Basi kwa miaka kadhaa nikawa napanda Jumapili, nimevaa shati lililopigwa pasi, nakaa kwenye kiti kinachomkabili, kiti cha mwanafunzi. Sikujifunza kupiga hata uzi mmoja. Marafiki zangu wa makamo wanakwenda kukimbia bustanini au wananunua baiskeli. Mimi nilikuwa nimekaa kimya ghorofani nikifundishwa kukaa kimya. Na hata hilo nilikosea.

"Bwana wa Chini," alikuwa akisema, bila ya kuinua macho, "unapumua kama mtu anayekimbilia basi."

"Nina pumu, Bibi."

"Pumu yako iache kwako. Hapa pumua ninapopumua mimi."

Nikajifunza. Niliona jinsi sweta la kijivu lilivyopanda kabla ya kila kifungu cha wimbo na kushuka baada yake, na kifua changu kikafuata, kwanza kwa kuogopa kukaripiwa, kisha bila ya kuulizwa.

Mtu aliyestahili kukaa kiti kile alikuwa mjukuu wake, mtoto wa binti yake, msichana aliyezaliwa hapa, anayefanya kazi ya kupokea mizigo ya abiria kwenye uwanja wa ndege wa Heathrow. Alikuwa akija Jumapili ambazo hana zamu. Bibi akimsemesha Kikantoni, yeye anajibu Kiingereza, na wote wawili wanaelewana na kukasirikiana vizuri. Nilijisikia nyumbani, maana wanangu nami ni hivyohivyo. Vidole vya msichana vilikuwa vizuri, hata mimi niliona. Lakini alipiga kwa kuhesabu.

"Umekufa," Bibi alimwambia siku moja katikati ya kifungu.

"Nimepiga sawasawa!"

"Sawasawa, ndiyo. Maiti nayo imelala sawasawa."

Msichana akatoa simu. "Basi nikurekodi, nikasikilize nyumbani."

"Simu itasikia sauti. Mkono atausikia nani?"

"Kuna video, Bibi."

"Video itaona mkono. Pumzi ataiona nani?"

"Anko, hebu mwambie," msichana alinigeukia.

"Mimi mwenyewe bado naangaliwa," nilisema.

Akaendelea kuja. Sehemu kwa sehemu Bibi alimpa ule wimbo, na hakumpa inayofuata mpaka iliyotangulia imekaa. Ikabaki sehemu ya mwisho. Hiyo alikuwa akinipigia mimi tu, msichana akiwa kazini, na hata alipoombwa alisema ngoja, mkono wako bado una haraka. Sote tulijua kwamba anazeeka. Nadhani yeye pekee ndiye hakujua.

Alifariki wiki ya mvua, mchana, amesimama kwenye foleni ya duka na mfuko wa machungwa. Mke wangu alilia kuliko nilivyotegemea. Alipika wali wa nazi akawapelekea wafiwa ghorofani, wakaupokea kwa mikono miwili, hawakujua waufanye nini, wakaula.

Haukupita muda mrefu msichana akanipigia simu.

"Anko, wewe umeisikia sehemu ya mwisho."

"Nimeisikia mara nyingi. Hata kengele ya mlango nimeisikia mara nyingi, na siwezi kuitengeneza."

"Sitaki uipige. Nataka ukae."

Kinanda kilikuwa kimehamishiwa kwake Hounslow, katika nyumba ambayo ndege zinapita juu yake karibu kabisa, unaona magurudumu. Nilibadilisha treni nikaenda. Alikuwa ameweka kiti mbele ya meza, kwa umbali uleule. Maandishi alikuwa nayo, vidole alivijua. Kilichokosekana ni muda. Akaniambia nifumbe macho nikumbuke, naye atapiga polepole akiangalia kifua changu.

Nilijiona mpumbavu. Mtu mzima, mwenye mvi, amekaa Hounslow amefumba macho, msichana anamsoma mbavu. Ndege ikapita, tukangoja. Akadonoa uzi. Mara ya kwanza hapakutokea kitu. Mara ya pili nilihisi kifua changu kinapanda kabla yake, peke yake, kama mtu anayeinuka kitini kwa sababu ameona mgeni mlangoni. Msichana akakifuata. Kifua kikashuka, akashuka nacho. Sikuwa nimekumbuka chochote. Ningeulizwa sehemu ile inakwendaje nisingeweza kuimba hata sauti mbili. Lakini kifua kilijua, kikawa kinamtolea kifungu baada ya kifungu, na mimi nimekaa ndani yake nasikiliza kama mpangaji anayesikia mwenye nyumba amerudi na anapita vyumbani bila ya kuwasha taa.

Nilifumbua macho. Alikuwa haniangalii usoni. Alikuwa akitazama chini ya shingo yangu, kwa namna mtu anavyomtazama anayezungumza naye.

Tulifanya hivyo Jumapili nyingi. Karibu na mwisho wa wimbo kuna kifungu kirefu kinachopanda, kisha kuna mteremko, kisha basi. Kila tulipofika juu, kabla ya mteremko, pumzi yangu ilikatika. Ilisimama kabisa, muda wa kutosha kuogopa, halafu ikaachiwa. Naye akawa anasimama hapo, kidole juu ya uzi, kila kitu kimesimama, kisha anateremka. Mara ya kwanza alipopatia alilia.

"Ni hapa," alisema. "Anko, yupo hapa."

Nami niliona kuwa pale ndipo pazuri kuliko pote.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu. Alikuwa akimenya vitunguu, akaacha.

"Pumzi yako inakatika, na wewe unaona sawa tu?"

"Ni muziki."

"Muziki! Kwetu mtu akifanywa hivyo tunaita waganga, tunapiga ngoma, tunamuuliza huyo aliyempanda anataka nini. Ubani, halua, kitambaa chekundu, anapewa, anaondoka. Huyu wako wa Kichina nimuulize kwa lugha gani?"

"Hakuna mtu, mke wangu. Ni mazoea tu."

"Mazoea," alisema, akarudi kwenye vitunguu. "Haya. Na pampu yako ya pumu usiiache nyumbani, huko kwa mazoea."

Naiweka kwenye mfuko wa koti, upande wa kushoto, ndani.

Kisha msichana akampata mzee mwingine. Watu wengi wa Hong Kong wamehamia London miaka hii, wengine wamewafuata watoto wao wakiwa wazee kabisa, na katika kuulizauliza akaambiwa kuna mmoja anaishi kwa mwanawe upande wa Wembley, ambaye ujanani alisoma kwa mwalimu yuleyule wa juu ya duka la viatu. Mkono wake mmoja ulikuwa umepooza, na wimbo ule hakuwahi kufundishwa. Alikuwa ameusikia tu, akingoja zamu yake ya somo. Lakini aliwajua wote wawili, mwalimu na Bibi. Msichana akamwalika. Alivaa vizuri siku ile, akatandika meza. Alitaka kuambiwa jambo moja: kwamba wimbo umefika.

Mzee aliletwa na mwanawe, akaketishwa pembeni na mto mgongoni. Mimi nikakaa kiti changu. Msichana alipiga wimbo mzima, na ndege, kwa rehema ya Mungu, zikatuacha. Tulipofika kule juu pumzi yangu ikasimama, mkono wa msichana ukasimama, kisha akateremka akamaliza, na kidole kikaenda kidogo juu ya uzi uliokwisha nyamaza.

Mzee alinielekezea mimi kidevu, akauliza swali. Msichana akajibu. Akauliza tena, kwa ukali zaidi, na nikaona uso wa msichana unabadilika.

"Anasema nini?"

"Anauliza wewe umemjulia wapi mwalimu wao."

"Mwalimu gani? Mwambie mimi natoka Unguja."

Akamwambia. Mzee akaanza kueleza, na msichana akawa ananifasiria kipande kipande, sauti yake ikizidi kuwa ndogo. Mwalimu wao alikuwa na kifua kibovu. Kule juu, kabla ya mteremko, pumzi ilikuwa ikimkatika, akisimama, mkono unamwendea kifuani, kisha anaendelea. Wanafunzi wote aliowafundisha wimbo ule walisimama hapo. Walidhani ndiyo njia. Wengine walijifunza na ule mkono. Ni Bibi peke yake aliyekataa. Akiwa msichana tu alimwambia mwalimu mbele ya watu, huu si muziki, huu ni ugonjwa wako, mimi sitarithi ugonjwa. Mwalimu hakumsemesha mpaka miezi ikapita. Kisha alimfundisha yeye wimbo wote, akawaacha wengine. Na Bibi, mzee alisema, hakuwahi kusimama pale. Alipita moja kwa moja kama maji.

"Na anasema," msichana aliongeza, "kwamba umeweka mkono."

Niliangalia. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa kifuani.

Mimi ni mtu wa hoja, nikatoa hoja. Nilimwambia msichana kwamba nina pumu tangu utotoni, kwamba mkono ulikuwa unatafuta pampu mfukoni, kwamba kifungu ni kirefu na mwenye kifua kibovu yeyote, awe Hong Kong au Kilburn, pumzi itamkatikia mahali palepale. Ni mwili tu. Alinisikiliza kwa adabu. Nilivyokuwa nasema nikawa najijibu mwenyewe. Mpigaji anaweza kuishiwa pumzi. Mimi nilikuwa nimekaa tu, kukaa hakuchoshi. Tena nilijaribu kuuona mkono wa Bibi pale juu, Jumapili zile zote, mbele ya dirisha. Niliuona vizuri. Ulikuwa haukusimama. Kama nilichojifunza kilitoka kwake, hiki hakikutoka kwake.

Msichana alikuwa amekaa, viganja vyote viwili juu ya nyuzi, kama anayemzuia mtu asiseme.

"Kwa hiyo hapa," alisema, "hapa ambapo nilidhani..."

Hakumaliza. Mzee akasema neno, kwa upole safari hii. Nilimuuliza amesema nini. Hakunifasiria. Alikaa akiangalia meza, kisha akaniangalia usoni, si chini ya shingo, kwa mara ya kwanza tangu tuanze kazi ile.

"Anko," alisema, "nenda jikoni. Funga mlango."

"Bila ya mtu hapo mbele utaweza?"

"Bibi alipita. Na mimi inabidi nipite. Nikikuangalia sitapita."

Nikaenda. Koti langu lilibaki kwenye kiti. Jiko lilikuwa dogo, safi, na birika juu ya kaunta na dirisha linaloangalia ua wa jirani. Niliufunga mlango. Niliamua kupumua kama mtu huru. Nilihesabu vigae. Nilisoma maelezo ya sabuni ya vyombo.

Alianza mwanzo kabisa. Kupitia mlangoni wimbo ulikuja mwembamba, mara upo, mara haupo. Kwenye sehemu zile ambazo Bibi alimpa mwenyewe mkono ulikwenda vizuri. Aliingia sehemu ya mwisho. Nilimsikia akitafuta, anaharakisha kidogo, anajizuia. Ndege ilikuwa inakuja kwa mbali. Alipanda kile kifungu kirefu, akafika juu, na hakusimama. Alipita. Aliteremka mpaka chini kwa mwendo mmoja, na haikuwa kama siku zote, ilikuwa kavu, ilikuwa na haraka ya mtu anayejua anakokwenda; na nikamtambua mwanamke wa sweta la kijivu, waziwazi, kama amenikaripia.

Nilitaka kupiga makofi. Sikuweza. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa bapa juu ya shati, mahali ambapo hapana mfuko, na kifua changu kilikuwa bado kule juu. Ndege ikapita juu ya paa, vikombe vikalia kabatini. Ilipokwisha kupita nilikuwa bado sijavuta pumzi.

Mlango ukafunguliwa.

"Nimepita," alisema. Uso wake ulikuwa umelowa, na alikuwa anacheka. Kisha akaniona. Akanishika bega akanitikisa kwa nguvu, kama anayeamsha mtoto wa shule, na hewa ikaingia, kwa mlio mbaya.

"Anko, koti lako!"

Akaniletea pampu, nikavuta, nikakaa chini, kwenye sakafu ya jiko la watu, na shahada yangu. Alinitazama mpaka rangi ikarudi. Alinijazia glasi ya maji akaiweka karibu na mkono wangu.

"Uko sawa?"

"Niko sawa. Piga tena."

"Una hakika?"

"Piga tena, mwanangu, usije ukausahau."

Akarudi sebuleni, akaurudishia mlango.